Mti wa Geti Niliuinua Mimi

Somoe mwanangu,

Begi lako liko mlangoni, Bibi keshalifunga kamba kama mzigo wa kuni, kwa hiyo ya begi siyasemi. Ya simu, ya kutopokea vya kula kwenye gari, ya kuswali, yote hayo Bibi kakuambia mpaka kachoka mwenyewe. Mimi nataka kukujibu swali lako la Jumapili. Uliniuliza mbele za watu, nikainamia korosho, ukaingia ndani. Toka siku ile ni "Shikamoo baba" halafu unapita.

Kuongea unajua siwezi. Watu wakizidi wawili ulimi wangu unalala. Ndiyo maana naandika, na mwandiko wenyewe ni wa mtu aliyeishia darasa la tano, utauvumilia. Juzi pale kwa mtendaji walidhani mimi ni kaka yako, ukacheka sana. Ni kweli nilikupata sijaota ndevu. Mambo mengi nimejifunza wewe ukiwa unaniangalia, na mengine nimejifunza vibaya.

Nianze na ule mchezo wa redio, kwa sababu ndiko ulikoanzia ugomvi.

Yule Inspekta Maduhu ni mtu wa kutungwa, najua, lakini sisi hapa uani tulimshika kama jirani. Kapelekwa geti ambako wenzake wote wanakula rushwa. Akajiambia, nikikataa nitahamishwa kesho, na geti litabaki vilevile. Basi nikae nao. Nipokee, lakini nisitumie, niweke kwenye kopo. Nikipanda cheo nikawa mkubwa wa hapa, nasafisha. Na kweli akapanda. Siku ya kwanza ya ukubwa wake kawapanga mstari, kawaambia mchezo umekwisha. Wakamtazama. Mmoja akamuuliza taratibu, "Mkuu, na lile kopo?" Hapo wakapiga muziki, mchezo ukaisha.

Sisi ndiyo tukaanza. Nakumbuka Chande wetu wa nyumba ya pili alitupa korosho kwenye tenga akasema, "Huyo kala, basi. Hela haijui kama imewekwa kopo au tumbo."

Bibi akasema, "Aliyetumbukia chooni hata akitoka na dhahabu, nani ataipokea?"

Wewe ukasema, "Sasa Bibi, wasafi wote wakikaa nje, humo ndani abaki nani?"

"Wabaki wenye matumbo," Chande akajibu.

"Babu Chande, wewe mwaka jana si uliuza kangomba? Korosho bado ziko juu ya mti, ushapimiwa bakuli na mlanguzi."

"Mimi si askari. Mimi nilikuwa na njaa."

"Na askari hana njaa?"

Watu wakacheka, hata Bibi. Chande akakuelekezea kidole: "Mtoto huyu akishakuwa askari atafunga watu, nawaambia. Ataanza na mimi." Ukasema hapana, utaanza na wanaowapimia bakuli. Nilijisikia fahari, Somoe, sijui kama uliona. Niliona namna ulivyokaa, mgongo umenyooka, kama mama yako alivyokuwa akibishana bei sokoni.

Halafu ukanigeukia. "Baba, wewe umewahi kukaa geti. Maduhu kakosea wapi?"

Chande, kwa utani wake tu, akasema, "Muache baba'ako. Huyo hata getini alikuwa hasemi."

Nikainama. Ukasema, "Basi ndiyo jibu," ukaingia ndani.

Haikuwa jibu. Jibu ni hili.

Nilipata kazi ya mgambo kwenye geti la mazao, barabara ya kutokea mtoni, wewe ukiwa hujaanza shule. Siku naondoka hapa waliniaga kama ninavyoona wanakuaga wewe. Chande alileta jogoo. Bibi alilia. Walininunulia viatu vikubwa, nikaweka vitambaa mbele visinivuke. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa kitu chenye vifungo vya chuma.

Geti lenyewe lilikuwa mti mrefu umelazwa barabarani, mwisho mmoja wamefunga jiwe. Ukikanyaga upande wa jiwe, mti unainuka, gari linapita. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Pembeni kulikuwa na kibanda cha bati na meza, wamekaa wakubwa. Sheria ilikuwa korosho zote ziende ghala la chama, zisipitishwe na walanguzi. Lori linakuja limejaa magunia ya kangomba, dereva anashuka, anakwenda mezani, wanacheka, wanapeana mikono, mkubwa ananitikisia kichwa. Nami nakanyaga jiwe.

Mimi nilikuwa na utaratibu wangu. Mezani siendi. Jioni wakiniita nichukue changu, nasema nimefunga. Haikuwa hata Ramadhani. Wakawa wananitania, "Hamisi anafunga mpaka siku ya Idi." Hawakuwa watu wabaya wa kutisha, usije ukadhani. Mmoja alikuwa akinifundisha kusoma gazeti. Mwingine mwanawe alipougua alilia mbele yangu. Wananinunulia soda, nakunywa. Nilijiambia soda si hela.

Nikawa najiona. Moyoni nilikuwa nasema, siku mkubwa huyu akihamishwa, akija mwingine, ataniuliza, "Hapa mwaminifu nani?" Nami nitamwambia kila kitu, maana nimeona kila kitu. Macho yangu unayajua, hayaachi kitu. Namba za malori, sura za madereva, nani kacheka na nani. Maduhu aliweka hela kwenye kopo. Mimi niliweka maneno. Kila jioni naongeza, nasubiri siku ya kuyatoa.

Akaja mkubwa mwingine. Hakuniuliza kitu. Siku ya pili alikaa kwenye kiti kilekile, lori likaja, akanitikisia kichwa.

Sasa hili la mjomba Assumane unalijua nusu. Wewe unadhani haingii kwetu kwa sababu ya mahari ya mama yako, maana ndivyo nilivyokuacha udhani. Mahari nilimaliza.

Ilikuwa msimu wa korosho, mama yako kaanza kulala kitandani. Mimi niko kazini, nakuja nyumbani siku za mapumziko tu. Mjomba wako kaja na baiskeli, magunia mawili nyuma, anatoka shambani kwake ng'ambo ya mto wa mpakani, kule walikozaliwa wote na mama yako. Kafika getini jua kali. Wakubwa wakamwita mezani. Korosho za wapi? Za shambani kwangu. Shamba liko wapi? Akanyoosha mkono nyuma. Wakasema, "Za magendo hizo. Shusha."

Akageuka akaniona mimi, nimesimama kwenye jiwe. Akasema, "Mlamu."

Neno hilo tu, la kuniita shemeji. Hakusema anakwenda wapi na mzigo ule. Mbele za wanaume wale asingesema dada yangu anaumwa, nampelekea ziuzwe apate dawa, naye huyu ndiye mumewe. Alidhani nitaelewa. Mkubwa akaniuliza, "Unamjua huyu?"

Somoe, nilikuwa na muda. Watu wakisimulia mambo haya husema ilikuwa ghafla. Haikuwa ghafla. Mbuzi walivuka barabara, mkubwa akawasha sigara, bado wananisubiri. Nikasema, "Wa njia moja tu, namwona akipita." Halafu nikamtazama mjomba wako nikamwambia, "Utaratibu, bwana. Shusha."

Walichukua magunia, wakachukua na baiskeli. Akaondoka kwa miguu kuelekea huku kwetu. Nyuma yake likaja lori. Mkubwa akanitikisia kichwa, nikakanyaga jiwe, mti ukainuka. Lori lile lilimpita mjomba wako njiani likamfunika vumbi. Nilimwona akisimama kulipisha.

Mama yako alifariki mvua zilipoanza kukaza. Sisemi magunia yale yangemponya. Mjomba hajawahi kusema hivyo, hata siku ya maziko. Siku ya maziko alichimba, akafukia, akanawa, akaondoka. Alichosema ni kimoja, na alimwambia Bibi, si mimi: "Mlango wa mtu wa njia moja mimi siingii."

Watu wanadhani niliacha kazi baada ya pale. Sikuacha. Nilirudi na viatu vyangu. Msimu uliofuata nilikuwepo, na uliofuata. Siku walipoliondoa geti ndipo nilipotoka, yaani geti ndilo lililoniacha mimi.

Kwa nini sikuacha? Hili ndilo nililokuwa natafuta namna ya kukuambia toka Jumapili. Si kwamba nilipenda hela, hela sikuchukua. Niliogopa kurudi. Nilimfikiria Chande na jogoo wake. Niliwafikiria wanaonijua wakisema, "Hamisi karudi, kazi imemshinda." Nilifikiria nitashuka kwenye gari pale njia panda, nimebeba viatu mkononi, watoto wananiangalia. Kicheko hicho, ambacho hata sijui kama kingekuwepo, ndicho kilichonishika kwenye jiwe lile. Wenzangu mezani walinunuliwa kwa hela. Mimi nilinunuliwa kwa aibu, tena bei rahisi kuliko wao.

Kwa hiyo uliponiuliza Maduhu kakosea wapi, Bibi na Chande waliangalia kopo. Mimi kopo silitazami sana. Ninavyoona, alidhani Maduhu atakayepata cheo ni yuleyule aliyekuwa anasubiri cheo. Kumbe kila siku aliyopokea akanyamaza, yule wa kwanza alikuwa anapungua, na siku kiti kilipopatikana aliyekikalia alikuwa mtu mwingine. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe siku ile mkubwa aliponiuliza, "Unamjua huyu?", nilitafuta yale maneno yangu yote niliyoyaweka. Sikuyakuta.

Lakini na wewe una haki. Ulisema wasafi wakikaa nje, ndani abaki nani. Nimelala nalo hilo siku zote hizi. Kama pangekuwa na mtu mmoja pale mezani, mmoja tu, wa kusema muacheni huyu wa baiskeli, mambo yangekuwa mengine. Mtu huyo ningeweza kuwa mimi, nilikuwa nimekaa nje hatua chache nikijisifu kwamba mezani siendi. Sikula, lakini mti niliuinua mimi. Malori yote yale yalipita kwa mguu wangu.

Sasa nikuambie nilikokwenda leo, maana umeniona nimepanda bodaboda asubuhi nikakujibu nakwenda kutafuta dawa ya kupulizia. Msimu wa kupuliza umekwisha, ulinitazama tu.

Nilikwenda kwa mjomba. Mtoto wa dada hasafiri safari kubwa bila mjomba kumwaga unga. Shehe atasoma dua yake na Bibi ataomba zake, lakini unga ni wa mjomba, hilo baba hawezi kulifanya hata akiwa nani. Bibi alikuwa amenyamaza, wewe pia ulinyamaza, nikajua mnaniachia.

Nilimkuta juu ya paa anaanika makopa. Nikasimama chini.

"Hodi, mlamu."

"Sina mlamu. Dada yangu alikufa."

"Nimekuja kwa ajili ya Somoe. Anasafiri kesho."

"Anaolewa?"

"Anakwenda uaskari."

Akaendelea kupanga makopa, kipande kwa kipande. Halafu akauliza, "Uaskari wa geti?"

"Wa popote watakapompanga."

"Na wewe umemruhusu."

"Hakuniomba ruhusa. Ana kichwa cha mama yake."

Mke wake alikuwa mlangoni anapepeta, ungo nao ukasimama.

"Dada yangu Muanacha angemzaba kibao," akasema.

"Angemzaba, halafu angemfungia chakula cha njiani."

Hakucheka. Alipanga kipande cha mwisho cha muhogo. Halafu akasema, "Ngazi hiyo mbovu. Ishike."

Nikaishika, akashuka. Hakunipa mkono. Aliingia ndani, nikamsikia anamwambia mkewe atwange mtama. Nikamwambia bodaboda ipo, tupande wote. Akasema, "Mimi nina baiskeli."

Kwa hiyo nilitangulia. Yeye kafika magharibi ikiwa imeshaingia, wewe uko kwa wenzako unaaga. Vumbi mpaka kwenye kope. Bibi alimkaribisha, akakataa kupita mlango. Nikamletea maji, akanawa, hakunywa. Nikamtandikia mkeka kibarazani. Aliniambia neno moja bila kuulizwa: "Nimepita pale. Wamepanda mihogo." Nilijua ni wapi. Nikasema, "Mihogo inakubali pale." Akasema, "Naona." Hayo, na yale ya chini ya paa, ndiyo maongezi yetu ya miaka yote hii.

Uliporudi ukamkuta, ukampigia magoti, mlizungumza kwa lugha ya mama yako nikabaki pembeni. Ila alipobadili kwa Kiswahili nilijua anataka na mimi nisikie. Alisema, "Alfajiri nitakumwagia unga. Namwagia mtoto wa dada yangu. Sare simwagii." Nawe ukasema, "Ndiyo, mjomba." Ulisema haraka, kama mtu anayepokea kitu asichokipima. Kipime, Somoe. Hakukulaani. Amekuambia anamjua nani kati yenu wawili.

Mimi njia ya Maduhu nimeiona inakoishia, na njia yangu nimeishi ndani yake. Ya tatu siijui. Ningeijua ningekuambia, nisingekuficha. Huenda utaipata, una akili kuliko mimi, na huogopi watu. Huenda hutaipata. Watakupanga mahali, patakuwa na meza, na waliokaa hapo watakuwa watu wa kawaida, watakuchekesha, watakuuguza ukiumwa. Siku hiyo utatafuta sababu ya kubaki na utazipata nyingi. Nyingine zitakuwa za kweli.

Mimi naweza kukuondolea moja tu. Ile ya aibu. Ukiona pamekushinda, rudi. Usingoje cheo, wala usiseme mpaka mwisho wa msimu. Shuka pale njia panda mchana, watu wakuone, umebeba viatu mkononi kama ikibidi. Chande atacheka, Chande anacheka hata mazikoni. Nitakuja kukupokea mimi, na begi nitabeba mimi, na nitapita nalo katikati ya watu. Najua kupita katikati ya watu kunanishinda. Siku hiyo nitapita. Lile shamba dogo la nyuma sitaling'oa mihogo, nitaliacha, liwe lako, ili usije ukasema kwetu hakuna kitu.

Na ukibaki, na akaja mtu na baiskeli, akakutazama akakuita kwa jina la undugu, au hata hakukuita, sema unamjua.

Taa inapungua. Mjomba wako hajalala, namsikia anakohoa huko nje, na kila gari likipita anajigeuza. Kuna neno sijamwambia toka siku ile ya getini, na si refu. Nimelibeba mpaka kwake leo, nikashika ngazi, nikarudi nalo. Chai ya Bibi bado iko kwenye chupa. Nikimaliza hapa nitachukua vikombe viwili nitoke nikae naye.

Wewe utaamka kabla ya adhana, unavyojijua. Ukitoka, angalia kibarazani. Ukikuta vikombe vyote viwili vimenywewa, ujue nimesema, naye kakubali kunywa changu. Ukikuta kimoja kimejaa, kimepoa, usimuulize mjomba wala usiniulize mimi. Simama mlangoni, akumwagie unga wako, uende.

Baba yako,
Hamisi